Pikapu Inakunywa Mafuta: Difu Iwe Mtuhumiwa wa Mwisho

Kila mwezi ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati Zanzibar, inapotangaza bei za mafuta, ndani ya wiki ileile hunijia watu wawili watatu na swali moja: "Fundi, nitie difu gani?" Difu ni ule mtambo wa gia wa katikati ya ekseli, na namba yake inasema propela, ile shafti itokayo gia boksi, inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Namba kubwa ni difu fupi, injini inazunguka sana; namba ndogo ni difu ndefu, injini inatulia. Hawaulizi kwa nini gari inakula. Washasikia kuna mtu Unguja katia difu ya 3.9 akapata nafuu, basi na wao wanaitaka hiyohiyo, na wengine huja nayo kabisa imefungwa kwenye gunia.

Mimi niko Chake Chake, Pemba, na gari ninazoshika zaidi ni pikapu: za karafuu, za mwani, za saruji. Mpango ninaoufuata nikiletewa gari yenye malalamiko ya mafuta ndio huu. Difu nimeiweka mwisho kwa makusudi. Kuibadilisha ni gharama, na mara nyingi nikifika huko nimeshaukuta ugonjwa njiani.

"Zamani ya elfu ishirini ilinifikisha Ijumaa"

Hii ndiyo dalili ninayoambiwa mara nyingi kuliko zote, na si dalili. Ukitia mafuta kwa shilingi na ukapima kwa siku, bei ikipanda utaona gari imeanza kula, kumbe lita ndizo zilizopungua. Kabla hujaja kwa fundi yeyote, jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, andika kilomita, fanya kazi zako za kawaida siku nne tano, kisha rudi sheli ileile, bomba lilelile, ujaze tena mpaka lijikate. Gawa kilomita kwa lita ulizotia mara ya pili. Fanya hivyo mara tatu, kwa sababu tangi moja linadanganya: siku moja ya foleni ya magunia au safari mbili za mchanga zinatosha kuiharibu hesabu nzima.

Ukishapata namba, iandike ukutani, juu ya kioo, popote. Bila namba hiyo, kila utakachofanya baadaye ni kubahatisha.

Gurudumu moja limewaka moto

Endesha kilomita kumi hivi bila kukanyaga breki sana, tafuta mahali pa kusimama taratibu, shuka, upeleke kiganja karibu na kila rimu. Yote manne yawe vuguvugu sawasawa. Likiwepo linalochoma, breki zinashika.

Kwetu hili ni la kila siku, na sababu yake ni bahari. Pikapu ya mwani hupakiwa magunia ambayo hayajakauka vizuri, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye bodi mpaka chini, yanatua juu ya drami za nyuma na kebo ya hendibreki. Nimeshafungua drami ya gari iliyotoka upande wa Micheweni nikakuta springi za breki zimekuwa kama vijiti vya udi: ukizigusa zinavunjika. Kebo ya hendibreki ilikuwa imekwama ndani ya ala yake, kwa hiyo mwenyewe akishusha hendibreki, breki hairudi. Gari ilikuwa inafunga breki nusu tangu asubuhi mpaka jioni, na dereva alikuwa ameshanunua difu.

Kwa wanaobeba mwani: osha chini ya gari kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila ukimaliza kazi, usingoje Ijumaa. Na angalia upepo wa tairi palepale ulipo. Hilo sitalieleza sana, kila mtu analijua na hakuna anayelifanya.

Mshale wa joto hauinuki

Hapa mafundi wenzangu watanisamehe. Kuna mazoea ya kuitoa thamostati, ile vali inayozuia maji ya injini yasizunguke mpaka yapate joto, gari ikichemka mara moja, tukasema nchi yetu ya joto haihitaji. Thamostati haijawekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Inaishikilia injini kwenye joto lake la kazi. Ukiitoa, maji yanazunguka wakati wote, injini inabaki na ubaridi, na kwa gari za petroli zenye kompyuta, kompyuta inaamini injini bado haijapata moto, inaendelea kumimina mafuta ya ziada kama vile ndiyo kwanza umewasha.

Kwa gari za otomatiki yapo makubwa zaidi. Nyingi za Kijapani hazikubali kuingia ovadraivu, ile gia ya mwisho ya kupumzisha injini, wala kufunga kile kifungio cha ndani ya konvata, kiungo cha kati ya injini na gia boksi, mpaka maji yafike joto fulani. Kwa hiyo mtu ameondoa kidude kimoja cha bei ndogo, na gia yake ya mwisho ikapotea asijue. Injini inalia, mafuta yanakwisha, lawama anabeba difu.

Dawa ni kurudisha thamostati na kutibu kilichoichemsha gari tangu mwanzo, ambacho kwa kawaida ni rejeta iliyoziba au feni iliyochoka.

Injini inalia kwenye tambarare

Sasa tumefika kwenye gia zenyewe. Dalili ni hii: uko barabara nzuri, gari tupu au mzigo mdogo, unakwenda kilomita 60 kwa saa, na injini inapiga kelele kama inayoomba gia nyengine ambayo huna.

Kwanza hakikisha huna kweli. Kijana mmoja wa Konde aliniletea pikapu yake ya manyuali, nikapanda pembeni yake mpaka njia ya Wete. Akafika gia ya nne akatulia.

"Mwanangu, ya tano vipi?"

"Ami, ya tano si ya Unguja? Huku milima."

Nikamwambia asimame niendeshe mimi. Liva ikagoma kuingia ya tano. Kiti chake kilikuwa kimechakaa, akashonesha mto wa sponji, na ubavu wa mto ule ulikuwa umetuna hadi kwenye njia ya liva. Ukiisukuma liva kwenda ya tano inagota kwenye sponji. Alikuwa ameendesha hivyo msimu mzima wa karafuu. Nilikata sponji kwa kisu cha mfukoni, kazi ikaisha.

Kwa otomatiki, angalia kitufe cha O/D, yaani ovadraivu, kwenye liva. Taa ya "O/D OFF" ikiwaka kwenye dashibodi, maana yake gia ya mwisho umeizima mwenyewe, pengine mtoto kakibonyeza kitufe, pengine fundi aliyekuwa akiijaribu. Kibonyeze tena, taa izimike. Ikiwa taa haiwaki tu bali inapepesa, hilo ni jambo jengine: kompyuta ya gia inalalamika kuna hitilafu, na hapo gari iende kwa mwenye mashine ya kuisoma kabla ya kushika spana.

Kama ya tano inaingia, jaribu klachi. Ukiwa kwenye ya tano na spidi ya 50, kanyaga mafuta mpaka chini. Mlio wa injini ukiruka juu ghafla na spidi ikabaki palepale, klachi inateleza, na mafuta yako yanageuka harufu.

Yote yakiwa sawa, fanya hesabu. Chora alama ya chaki kwenye tairi na ardhini, sukuma gari mpaka alama irudi chini, pima kwa futikamba. Tuseme umepata mita 2.10. Kilomita 60 kwa saa ni mita 1,000 kwa dakika, ndiyo maana naipenda spidi hii. Na ndiyo tunayokwenda hasa kwenye barabara zetu. Gawa 1,000 kwa 2.10: gurudumu linazunguka mara 476 kwa dakika. Zidisha kwa namba ya difu. Kwa difu ya 4.3, propela shafti inazunguka karibu mara 2,050.

Gia ya nne kwenye pikapu nyingi za gia tano ni moja kwa moja, kwa hiyo injini nayo iko kwenye 2,050. Ya tano ndiyo ovadraivu, na mara nyingi ni kama 0.85, yaani propela inazunguka upesi kuliko injini. Kwa hiyo injini inashuka hadi kama 1,740.

Sasa tia difu ya 3.9 kwenye hesabu hiyohiyo. Ya nne itakuwa kama 1,860, ya tano kama 1,580.

Tazama hizo namba tena. Kutoka ya nne kwenda ya tano, bila kununua kitu, umepunguza mizunguko 310. Kubadilisha difu, na gharama zake zote, kumekupunguzia 160. Wala usidhani mizunguko ikishuka kwa asilimia tisa basi na mafuta yatashuka kwa asilimia tisa. Mzigo ni uleule, mlima ni uleule, upepo unaougonga ni uleule. Unachookoa ni ule msuguano na uvutaji hewa wa injini yenyewe tu, na hicho ni kipande kidogo. Aliye na haraka ya kuokoa mafuta apunguze spidi: upepo unaokuzuia ukiwa na 90 ni zaidi ya mara mbili ya ule wa 60, hasa ukiwa umefunga turubai linalopigapiga kama tanga.

Kuijua difu uliyonayo

Usimwamini aliyekuuzia. Kile kibati cha chini ya boneti kina alama za utambulisho za gia boksi na ekseli, lakini kinasema gari ilivyotoka kiwandani, hakijui kilichofanyika baadaye.

Tia kabari magurudumu ya mbele, piga jeki gurudumu moja tu la nyuma, weka stendi, gia iwe huru. Chora chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha gurudumu lililo juu mizunguko miwili kamili, mwenzako ahesabu propela. Ni miwili kwa sababu lile jengine limekaa chini halizunguki, na difu ya kawaida inagawa nusu kwa nusu. Propela ikizunguka mara nne na kama theluthi, una 4.3. Ikizunguka nne na kidogo sana, ni 4.1. Ikikaribia nne isifike, ni 3.9. Ikiwa nne na nusu na ushei, una 4.556, na hapo ndipo nitakapokubali kwamba difu yako ni fupi kwa gari isiyobeba mizigo mizito. Ukiwa na difu mezani, hesabu meno: krauni (gia kubwa) 43 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 10 ni 4.3, 41 na 9 ni hiyo 4.556.

Injini inagugumia mlimani

Hili ni kinyume cha lile la juu, na kwa Pemba ndilo linalokula mafuta zaidi. Mtu kaambiwa gia kubwa inaokoa mafuta, basi anang'ang'ania ya tano mpaka kwenye mpando. Mguu uko chini kabisa, gari inatetema, dizeli inatoa moshi mweusi, petroli inagonga ndani kama kokoto kwenye kopo. Ule moshi mweusi ni mafuta uliyoyalipia hayakuungua. Shusha gia mapema, kabla injini haijaanza kulalamika. Ya tatu yenye mguu mwepesi inakula kidogo kuliko ya tano yenye mguu sakafuni.

Kwa otomatiki, utaona gari inapanda ya nne, inashuka ya tatu, inarudi ya nne, haijui inataka nini. Hapo ndipo kitufe cha O/D kinapofanya kazi yake: kizime ukianza milima, kiwashe ukifika tambarare. Gia boksi inayobadili kila dakika inajipasha moto, na mafuta yake yakiungua utanunua gia boksi nzima.

Kama gari ilikuwa inapanda vizuri na sasa imelegea, kumbuka ulichobadilisha. Tairi kubwa ni difu iliyojificha. Ukitoka tairi ya mzunguko wa mita 2.10 ukaweka ya 2.25, difu yako ya 4.3 imekuwa kama 4.0 bila kufungua skrubu hata moja.

Nami nalijua hili kwa kuumia. Nilipokuwa na pikapu yangu mwenyewe nilitia 3.9 badala ya 4.3, nikasifiwa mtaa mzima. Wiki ya pili nikaenda bandarini Mkoani kuchukua saruji, mifuko 20, yaani tani moja. Ule mpando wa kutoka bandarini niliozoea kuupanda na ya tatu, ya tatu ikakataa. Nikashuka ya pili. Mbele yangu kuna gari ya ng'ombe, nikasimama, nikaondoka na ya kwanza huku nimeshikilia klachi nusu. Mpaka nafika juu, harufu ya klachi ilishawafikia watu waliokaa barazani, wananitazama.

Namba zimebadilika lakini haziingii akilini

Na hapa kuna mtego ambao uliniweka wiki mbili sielewi. Kwenye pikapu nyingi, spidimita inahesabu mizunguko kutoka mkia wa gia boksi, haihesabu gurudumu. Ukipunguza difu kutoka 4.3 hadi 3.9, propela inazunguka mara chache kwa kila kilomita, kwa hiyo kilomita 100 za kweli dashibodi inazisoma kama 91. Tairi kubwa nayo inafanya vivyohivyo. Tairi ndogo inafanya kinyume: unaoneshwa umefika mbali, unafurahi, kumbe hujafika.

Kwangu kabla ya difu nilikuwa napata kilomita 10 kwa lita. Baada ya difu, dashibodi ikasoma kilomita 300 kwa lita 32, yaani 9.4. Nikadhani nimeibiwa. Nilipozidisha 300 kwa 4.3 na kugawa kwa 3.9, nikapata kilomita za kweli 331, na hesabu ikawa 10.3 kwa lita. Nafuu ipo, lakini ndogo hivyo, na klachi imenigharimu zaidi ya hapo. Ukibadilisha tairi au difu, pima masafa kwa simu mara moja, linganisha na dashibodi, na uweke hiyo tofauti kwenye kila hesabu. Na kumbuka kwamba spidi nayo inasomwa pungufu. Ukidhani uko 50 unaweza kuwa 55, na askari hasomi dashibodi yako.

Ile 3.9 niliitoa. Aliichukua mtu wa Unguja anayepeleka samaki na mboga Nungwi, njia ndefu, tambarare, mzigo mwepesi. Yeye anaisifu mpaka leo, na ana haki.

Kama bado unataka kubadilisha

Ukiwa na pikapu ya zamani yenye gia nne tu, usiguse difu. Tafuta gia boksi ya gia tano ya jamii ileile ya injini yako. Difu ndefu inazirefusha gia zote, pamoja na ile ya kwanza unayoihitaji kwenye mpando. Gia ya tano inakuachia zote za chini kama zilivyo na kukuongezea moja ya tambarare. Kabla ya kulipa, linganisha urefu wa gia boksi mbili hizo, maana ikizidi itabidi propela ikatwe. Angalia mahali pa kufungia kitako chake, meno ya shafti yanayoingia kwenye klachi, na kebo ya spidimita.

Ukiwa na difu ya 4.556, barabara zako ni za tambarare na mzigo mdogo, basi shuka hadi 4.1 au 4.3. Nunua difu nzima na kichwa chake, usinunue krauni ya huku na pinioni ya kule: meno hayo yamesuguliwa pamoja kiwandani na hayakubali mwenza mwengine. Kama gari ni ya magurudumu manne, difu ya mbele ibadilishwe nayo, namba ileile. Zikitofautiana, siku utakapotia fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, kwenye lami, ekseli mbili zitavutana mpaka kitu kimoja kipasuke, na mara nyingi kinachopasuka ni kile cha ghali.

Tia oili ya difu ya daraja la GL-5, usiichanganye na ya gia boksi, maana gia boksi nyingi za manyuali zinataka GL-4. Halafu endesha bila mzigo kama kilomita 15, usimame, uguse pua ya difu pale pinioni inapoingilia. Joto ni sawa. Kama kiganja hakivumilii, beringi zimekazwa kupita kiasi. Sikiliza pia: ikilia ukikanyaga mafuta tu, au ikilia ukiachia tu, meno hayajakaa pahala pake, na ifunguliwe tena kabla hujapakia hata gunia moja.